Sikuzikata Karata za Bi Batuli

Shemeji yangu Lameck ni mzee wa kanisa, na Jumapili hupitisha kapu la sadaka kwa uso wa malaika. Ndiye huyo huyo aliyepanda basi mpaka Kondoa kumleta Bi Batuli, mtazamiaji wa karata, aje anifukuze kwangu. Nilicheka nilipomwona akimshusha kwenye bajaji kwa adabu zote. Kisha nikakasirika, na hasira ile sijaimaliza mpaka leo.

Kwangu ni Mkonze: nyumba ya vyumba viwili na shamba la zabibu nililopanda na marehemu mume wangu, Cornel, ndugu yake Lameck. Mashimo tulichimba wenyewe kwa sururu, maana ardhi yetu kiangazi haina huruma. Tangu mji uanze kutusogelea, kila mtu anataka kiwanja, na Lameck alishapata wa kumuuzia. Kikwazo ni mimi. Basi akazua kwamba nina nuksi: Cornel amekufa, na mizabibu ya upande wa barabarani imekauka. Mizabibu ilimalizwa na mchwa, na Cornel alikufa kwa ugonjwa wa figo, lakini nani anasikiliza? Wazee wa ukoo wakakubaliana karata zitazamwe. Zikisema ni mimi, nifungashe virago.

Tukakaa uani, wazee kwenye viti, mimi na Bi Batuli mkekani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole. Hakuwa mtu wa vitisho. Alitoa karata za kawaida kabisa, zile zile vijana wanazochezea arubastini kijiweni, zimelainika kwa kushikwa. Akabakiza za picha, wale wafalme na mabibi tunaowaita wazungu, na zile zenye alama moja moja. Akazichanganya, akaziweka mbele yangu.

“Kata, mwanangu. Mkono wa kushoto.”

“Sikati.”

Wazee wakaguna. Bi Batuli alinitazama kwa makini. “Bila mtu kukata, karata hazisemi kitu.”

“Basi zinyamaze, mama.”

“Shemeji, unaogopa nini?” Lameck akauliza.

“Wewe mwenyewe sikuogopi, nije kuogopa picha?”

Mzee Silvano, baba mdogo wa marehemu, akajaribu kunibembeleza. “Mama Ruthu, kata tu, yaishe.”

“Baba, mikono hii ndiyo iliyochimba mashimo ya shamba hili,” nikamwambia. “Siwezi kuituma kazi ya kunitoa humo.”

Nikaikunja mikono yangu, nikatulia. Chai ikapoa vikombeni. Kivuli cha nyumba kikafika miguuni mwa wazee, na mmoja wao akaanza kusinzia. Bi Batuli wala hakuwa na haraka. Mwenye haraka alikuwa Lameck, na uvumilivu ukamwishia.

“Hii ni mali ya ukoo! Namkatia mimi!” Akainama, akazikata karata kwa mkono wa kushoto.

Bi Batuli akashtuka. “Umekata wewe?”

“Kwa niaba yake.”

“Hapa hakuna niaba, baba. Aliyekata ndiye anayetazamiwa.”

Kabla Lameck hajajibu, yule mama alishafunua. Ya kwanza, mzungu mwenye ndevu na upanga. “Mwanamume,” akasema. Ya pili, bibi aliyegeuza uso pembeni. “Mwanamke wa nyumba hii. Hamtazami.” Ya tatu ilikuwa ree ya shupaza, nyeusi, alama moja kubwa katikati. Bi Batuli akaisogeza taratibu kando ya yule mzungu wa kwanza.

“Sema,” Lameck akamhimiza.

“Kaburi. La huyo mwanamume.”

Jikoni dada yangu Paulina akapiga kigelegele. Nikamfokea anyamaze. Sitaficha, moyo wangu uliruka kwa furaha, na ningeweza kuinuka pale nikiwa mshindi, karata zile zikanilinda maisha yangu yote. Lakini kitu nilichokinyima ruhusa ya kunitoa kwangu, kwa nini nikishukuru kwa kunibakisha?

Nikaichukua ile karata nyeusi, nikamwekea Lameck gotini. Alikuwa akitokwa jasho kama mwenye homa.

“Chagua, shemeji. Kama karata husema kweli, zimekutaja wewe, hazikunitaja mimi. Nenda kaandae sanda, nitakuja msibani kukulilia. Kama ni vikaratasi vya kuchezea, huna kesi. Inuka uende.”

Yule mzee aliyesinzia alikuwa macho kabisa. Lameck akamtazama Bi Batuli, akawatazama wazee, akaitazama karata bila kuthubutu kuigusa.

“Ni vikaratasi tu,” akanong'ona.

“Wazee hawajasikia,” nikamwambia.

Akasimama, karata ikaanguka chini. Mbele ya ukoo wake wote, machozi yakimlengalenga, mzee wa kanisa akapaza sauti: “Ni vikaratasi tu! Shamba ni lake!”