Spana Hujaribiwa kwa Mikono Michafu

Kwenye gereji ya shangazi, spana zinajulikana kwa rangi. Za shangazi zimepakwa rangi nyekundu ya kucha shingoni, za fundi Kimya zina nyeupe. Kimya tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kunyamaza. Jioni kila mtu anaokota rangi yake sakafuni, hakuna kugombana. Mwenye rangi ni fundi. Asiye na rangi ni mgeni, hata kama anafagia hapo mwezi wa pili sasa. Mimi sikuwa na rangi.

Na nilikuwa naitaka, nisijifanye. Tangu nimalize shule nilishajaribu ukinyozi wiki mbili, kuchaji simu za watu wiki tatu, na kuuza miwani siku moja na nusu. Mama akachoka. Akaniambia, "Kwa shangazi yako ndiyo mwisho. Akikurudisha, unakwenda kwa mjomba kulinda kuku." Mjomba ana kuku mia nne na hana mtandao.

Sasa spana za shangazi zilikuwa zimechoka, midomo imepanuka, zinazunguka kwenye nati kama zinacheza. Alitaka seti mpya, zile zenye mdomo upande mmoja na ringi upande wa pili.

"Usilete seti," akaniambia. "Lete moja kwanza, namba kumi na saba, tuijaribu. Umesoma, si ndiyo? Linganisha."

Nikalinganisha kweli. Nilikwenda na rula na daftari la hesabu lililobaki nusu. Muuza vifaa tunamwita Usiguse, maana dukani kwake ameliandika neno hilo mara sita, moja hadi kwenye kioo cha saa ya ukutani. Akanitolea mbili. Fupi, sentimita kumi na nne, bei ya chini. Ndefu, sentimita ishirini na nane, inang'aa mpaka unaweza kujichania nywele, na bei yake unaisikia ukiwa umekaa. Kwenye kaunta kuna jiliwa lililobana bolti ya kujaribia. Ile fupi ilinitoa machozi. Ile ndefu niliisukuma kwa vidole viwili, nati ikalegea. Nikaandika: urefu, ndefu. Kushika, ndefu. Thamani, ndefu. Nikapiga mstari chini, mara mbili.

Gereji kulikuwa na gari la mikate, na bolti ya chini ya alternata ilikuwa imegoma tangu asubuhi.

"Ndefu haikuangushi," Kimya akasema alipoiona. "Mimi mke wangu mrefu, angalia nilivyotulia."

"Umetulia wapi wewe," shangazi akamjibu, na mkono wake ukaingia ndani ya boneti.

Kwanza mkia wa spana uligonga chasisi, ikakosa pa kuzungukia. Akaigeuza, akavuta kwa nguvu. Mikono yake ilikuwa na oili kama siku zote, na ule mng'ao wote ukamponyoka kama kipande cha sabuni. Ngumi ikaingia kwenye rejeta.

Aliutoa mkono akautazama, vifundo vitatu vimechubuka, kidole cha kati kimeanza kuvimba. Kimya kwa mara ya kwanza akastahili jina lake.

"Mwenye gari anakuja saa tisa," shangazi akasema, akijifunga kitambaa. "Nenda kabadilishe. Na ukirudi na nyingine ya namna hii, usirudi."

Nilielewa. Niliwasikia kabisa kuku wa mjomba.

Nikaondoka mbio, lakini nilipofika kwenye kona nikasimama. Asubuhi nilikwenda dukani nimetoka kuoga. Mikono mikavu, misafi, ya mtu wa benki. Nani gereji ana mikono ya hivyo? Nikarudi gereji, nikachota oili chafu kwenye pipa la nyuma, nikajaza kichupa cha dawa ya kikohozi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeiangusha?" Usiguse akauliza, akiipokea ile ndefu kwa kitambaa kama mtoto mchanga.

"Yenyewe ndiyo imemwangusha shangazi." Nikafungua kichupa.

"Hiyo nini?"

"Oili, mzee. Nataka nijaribu tena."

"Kwenye duka langu? Kijana, hujui kusoma?"

"Najua. Lakini mafundi wako wote wanashika spana kwa mikono hii. Mikavu ni yangu mimi na wewe tu."

Usiguse akatandika gazeti kaunta nzima, taratibu, kingo zote zikakaa sawa, akasema, "Tone moja likianguka nje, unanunua duka."

Nikajipaka. Ile ndefu ikazunguka kiganjani mwangu yenyewe. Usiguse akakunja uso. Akanyoosha kidole, nikamtilia tone. Akajaribu mwenyewe, ikamponyoka.

"Miaka tisa nawauzia watu hii," akasema.

Tukajaribu fupi. Ilishikika, ila nati haikutikisika, na nilipokaza mdomo wake ukapanuka kidogo, tukauona wote wawili. Basi akainama chini ya kaunta, huko hata vumbi limezeeka, akatoa nyeusi. Haing'ai hata kidogo. Shina nene, ngozi yake inakwaruza kama ulimi wa mbuzi. Nikapima: sentimita ishirini na moja.

"Hizi hazinunuliwi, mbaya sana," akasema. Bei ya ile ndefu moja, hizi unapata mbili na soda juu. Nikaibana kwa mikono inayochuruzika oili. Ilitulia. Nati ikalia, ikalegea.

Saa nane na nusu nilikuwa gereji.

"Hiyo spana au kuni?" Kimya akauliza.

Shangazi hakuuliza. Vidole vyake havikunjiki, na mkono wa Kimya haupiti pale, mnene kama mikate ya gari lenyewe. Akanionyesha boneti kwa kidevu. "Umeichagua wewe. Ingia."

Nikajipaka oili kwanza. Kimya akadhani nimechanganyikiwa. Ringi ikakaa kwenye nati, mkia ukapita pembeni ya chasisi, umebaki upana wa kidole. Nikavuta, nati haikutikisika. Nikavuta tena, bega likiwa limegandana na boneti, nikiwafikiria kuku mmoja mmoja. Kitu kikalia kak, na spana ikaja na mkono wangu, haikuteleza.

Gari la mikate liliondoka saa tisa na robo. Shangazi akaliomba daftari langu, akasoma, akaikata mistari yangu yote miwili kwa mkono wa kushoto.

"Kesho tukafuate seti yangu, nyeusi," akasema. "Hiyo ya leo ni yako."

Akapekua mkoba wake, akanitupia kichupa cha rangi ya kucha. Waridi, yenye vumbi la kumetameta.

"Shangazi."

"Nyekundu ni yangu, nyeupe ya mwenzio. Hiyo ndiyo iliyobaki. Au huitaki?"

Kimya alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Nikaipaka shingo ya spana mara mbili, polepole, rangi isivuke shingo.

Usiku mama akaniuliza mbona kidole gumba kinameta. Nikamwambia, rangi ya kazini hiyo.