Kurasa Tano za Shangazi

Shangazi yangu ana shule ya udereva, nami kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Tulikubaliana kurasa tano, tukaziandika kwenye karatasi, akatia sahihi huku akinicheka kwamba namfanya mgeni. Wiki ya tatu akataka ukurasa wa mashairi yake. Nikauweka. Kisha akataka tovuti iimbe mtu akiifungua. Asubuhi moja akanitumia picha mia mbili za harusi ya mwanawe, eti wanafunzi nao wazione.

Nikachukua ile karatasi, nikaenda ofisini kwake.

"Shangazi, mashairi nimeyaondoa. Wimbo na harusi haviingii. Tovuti ni ya udereva."

Wanafunzi waliokuwa wakisubiri zamu wakaacha kupiga soga.

"Mimi niliyekubeba mgongoni, leo unanionyesha karatasi?"

"Ulinibeba, na sitasahau. Lakini kurasa ni tano. Ukitaka ya sita, tukae tuandike upya: ya nini, na iwe tayari lini."

"Nitatafuta mwingine!"

"Mtafute. Nitamkabidhi kila kitu leo hii."

Alinikazia macho, akaisoma karatasi toka juu hadi chini, nadhani kwa mara ya kwanza, kisha akanirushia.

"Haya, fungua hizo tano zako."

Nilizifungua kwa umma Ijumaa ya wiki ile. Mpaka leo anawaambia ndugu kwamba nina kiburi. Lakini akinitumia mteja, humwonya kwanza: "Ukienda kwa yule, ujue unachotaka kabla hujakaa."