Foleni ya Shirika na Ndege ya Mzee Ndelwa

Usiku wa jana niliota, na kabla hujanitilia shaka nikwambie kwamba sikunywa kitu. Nilikula makande, nikasali, nikalala mapema kama mtu mwenye akili zake. Chanzo cha ndoto nakijua. Leo saa sita mchana nilitakiwa niwe nimejibu barua mbili za kazi, na nilikuwa sijajibu hata moja.

Mimi ni Tumsifu Mmbando, rubani. Huu mwaka wa saba narusha kindege cha injini moja kutoka Arusha kupeleka watalii Serengeti, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kupita chini chini kufukuza nyumbu ili nipate pa kutua. Barua moja ilitoka kwa shirika kubwa la ndege, lile la ndege ndefu zenye choo mbele na choo nyuma. Nyingine ilitoka kwa Mzee Ndelwa, mwenye kiwanda cha mabati, ambaye amejinunulia ndege yake ya viti vinane vya ngozi na sasa anatafuta mtu wa kuirusha.

Mke wangu Nakijwa yuko mwezi wa tisa. Binti yetu wa kwanza, Nankondo, alizaliwa mimi nimekwama porini kwa mvua, na sura yake niliiona mara ya kwanza kwenye simu ya mpishi wa kambi. Yule mpishi aliniambia, "Hongera, anafanana na mama yake." Sijasahau. Huyu wa pili niliapa nitakuwepo. Kwa hiyo swali langu kuhusu hizo kazi lilikuwa moja tu: ipi itaniacha niwepo?

Sasa kuna jambo la marubani lazima ulijue. Mnara wa kuongozea ndege ukikupa agizo, unalirudia neno kwa neno, ili wajue umesikia. Ni desturi nzuri, inaokoa maisha. Ubaya wake unaizoea mpaka unakwenda nayo nyumbani. Nakijwa akisema, "Baba Nankondo, gesi imekwisha," mimi najibu, "Nimepokea, gesi imekwisha," na nafsi yangu inatulia kabisa, kana kwamba mtungi umejaa.

Haya, ndoto.

Niko kwenye njia ya kurukia ndege, Dar es Salaam, jua la utosi. Nimevaa sare ya shirika kubwa, koti na tai, ila chini nina suruali ya kulalia. Hakuna anayejali. Mbele yangu kuna foleni ya marubani inayokwenda mpaka macho yanachoka. Kichwani nina kofia yenye utepe wa dhahabu, na kofia inaongea.

"Mabibi na mabwana," inasema, kwa ile sauti ya kutangaza, "karibuni kwenye foleni ya ukongwe. Wewe ni namba mia sita na kumi na nne."

"Nimepokea, mia sita na kumi na nne," nikasema.

Mbele yangu amesimama kijana mmoja anayeitwa Hizza, miaka ishirini na tatu, ndevu bado zinatafakari kama zitoke. Ananigeukia na kusubiri. Kofia inaninong'oneza kwamba Hizza aliajiriwa siku moja kabla yangu, kwa hiyo kwa ukongwe yeye ni mkubwa wangu.

"Shikamoo," nikamwambia. Nina miaka thelathini na sita.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, na akanipapasa bega.

Katika foleni hii kila kitu kinatolewa kwa ukongwe. Kivuli kinaanzia kwa namba moja, mzee aliyekaa kwenye kiti cha kukunja, na kinaishia kwa namba arobaini. Chai nayo inaanzia kwa namba moja. Inanifikia mimi ikiwa kikombe kitupu chenye majani mawili chini, na ninatakiwa kusema asante. Krismasi pia inagawiwa. Namba moja anapata tarehe ishirini na tano Desemba. Mimi nimepewa Krismasi yangu, tarehe tisa Februari, Jumanne.

Huku nyuma hakuna hata harufu ya ndege. Nikauliza tutarusha lini. Hizza akasema tusubiri namba moja atimize miaka sitini na mitano, astaafu. Tukasubiri. Akatimiza, akakata keki, akalia kidogo, akaondoka na kiti chake. Foleni nzima ikasogea hatua moja. Watu wakakumbatiana. Hizza alinipongeza kwa kupanda cheo.

"Samahani," nikaiambia kofia. "Mke wangu anakaribia kujifungua. Nitapata ruhusa?"

"Ruhusa ya uzazi kwa akina baba hutolewa kwa ukongwe. Zamu yako ni baada ya miaka kumi na tisa."

"Na mtoto je?"

"Mtoto anaombwa kufunga mkanda na kubaki alipo mpaka atakapotangaziwa vinginevyo."

Hapo mtu mwenye akili angegombana. Mimi ni Mpare, tunaambiwa kesi ndiyo chakula chetu, ningeweza kuifungulia kofia mashtaka palepale. Nikafungua mdomo, ukatoka huu upuuzi:

"Nimepokea, mtoto abaki alipo."

Nikasikia kitu kinanibana mguu. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nikatazama chini, kamba ipo, ya katani, fundo zuri kabisa.

"Umeshasaini," Hizza akasema. "Hapa ukirudia neno, umesaini."

Nikapiga hatua moja ya hasira, na mguu ukakanyaga zulia.

Sasa niko ndani ya ndege binafsi. Viti vinane vya ngozi, harufu ya ngozi, ubaridi kama kwenye bucha. Kiti cha mbele kimekaliwa na Mzee Ndelwa. Mzee Ndelwa ni bati. Ni bati la migongo migongo, geji ishirini na nane, limevaa miwani na limekunja miguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vua viatu. Karibu sana, kijana, hapa kwangu hakuna wafanyakazi, hapa sisi sote ni familia."

Aliposema familia nikajua nimekwisha.

"Na hakuna foleni?" nikauliza.

"Foleni ya nini? Rubani mkuu ni wewe. Msaidizi wake ni wewe. Mhudumu ni wewe, na ufagio uko nyuma ya choo." Bati likacheka, likapiga kelele kama mvua ya mawe. "Sasa mpokee mwenzio."

Akanipa kifurushi kilichoviringwa kwenye kanga. Ndani ni simu ya kazi, na inalia. Hailii mlio wa simu. Inalia kama kichanga mwenye njaa, imekunja uso wa kioo, inatetemeka. Nikaifunga mgongoni kwa kanga ileile, nikaipigapiga. Ikanyamaza, ikacheua, kisha ikaniambia sikioni, "Ukiniacha nilie zaidi ya mara tatu, umefukuzwa."

"Nimepokea, mara tatu," nikasema. Kanga ikajikaza kifuani.

"Tunakwenda wapi, mzee?"

"Nitakuambia tukifika."

Tukafika. Sijui ni wapi, palikuwa na lami na mbuzi mmoja. Mzee Ndelwa akateremka, nami nikamshikia mwavuli, nikabeba mabegi, nikamnunulia maandazi, nikamfuta vumbi maana bati likikaa na vumbi hupata kutu. "Nisubiri hapa," akasema, "dakika tano." Nikasubiri dakika tano. Ndevu zikaota, zikawa na mvi. Betri ya ndege ikafa, nikaizika, mbuzi akahudhuria mazishi. Dakika tano zilipokaribia kwisha, bati likarudi likilalamika kwamba maandazi yamepoa.

Nikajikaza. Mtumikie kafiri upate mradi wako, na mradi wangu nilikuwa naujua.

"Mzee, mke wangu anakaribia kujifungua."

"Hongera! Siku hiyo uko huru, kuanzia asubuhi mpaka jioni."

Nusura nimkumbatie, kingo zake zikanitisha. "Kweli, mzee?"

"Kabisa. Mradi uwe na simu."

Simu ikaanza kulia mgongoni.

"Umeona?" bati likasema. "Nimesahau miwani yangu Mwanza."

"Umeivaa, mzee."

"Nimesahau ile nyingine."

"Nimepokea, tukafuate ile nyingine," nikasema, na tayari tuko angani.

Wanasema mshika mbili moja humponyoka. Mimi haikuniponyoka hata moja. Kofia kichwani, simu mgongoni, kamba mguuni, na kofia na simu wanagombana kama wake wenza kisimani. Kofia inasema ndege ya mtu mmoja ni teksi tu yenye mabawa. Simu inasema afadhali teksi kuliko kuwa mkia wa nyoka wa watu mia sita. Kofia inasema kwetu kuna heshima. Simu inauliza kama hiyo heshima ndiyo ile ya kumwamkia Hizza. Mimi nimekaa katikati, nawaitikia wote wawili.

Ndipo redio ikaita.

Chini yetu uko mnara wa Arusha, na kwenye kioo cha mnara amekaa Nakijwa. Ameshika kipaza sauti kwa mkono mmoja, kwa mwingine anatafuna udongo wake wa ujauzito.

"Tumsifu," akasema. Haniiti jina langu ila mambo yakiwa mazito. "Chupa imepasuka. Shuka."

"Nimepokea, chupa imepasuka, nishuke."

"Safi sana," kofia ikasema. "Matamshi yamenyooka."

Bati nalo likanisifu. Nikafurahi. Tukaendelea kuzunguka.

"Tumsifu, mtoto anakuja. Nimesema shuka."

"Nimepokea, Nakijwa, mtoto anakuja, nishuke."

Simu ikapiga makofi. Nikatazama chini, nikaona mnara ukiwa mdogo kuliko mwanzo. Nikashangaa kwa nini ndege haigeuki na mimi nimejibu vizuri vile.

"Tumsifu," akasema mara ya tatu, na sauti haikuwa na hasira tena. Ilikuwa ya mtu anayezungumza na ukuta. "Chupa imepasuka. Naogopa. Njoo."

"Nimepokea," nikasema, "chupa imepasuka, unaogopa, nije."

Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa mapajani. Ilikuwa imelala pale tangu mwanzo, mmoja juu ya mwingine, haijagusa usukani hata mara moja. Hapo ndipo nilipoogopa, hofu ya kweli. Nikataka kuinyanyua ikakataa. Nikataka kupiga kelele, kila nikifumbua mdomo linatoka lilelile, nimepokea, nimepokea.

Nikaamka.

Kumekucha. Jogoo wa jirani ameshapiga kelele zake zote amenyamaza. Kiwiko changu kina ubaridi, nikapapasa, shuka limelowa. Tuseme ukweli, nilianza kujishuku mwenyewe. Lakini maji yalikuwa upande wa Nakijwa, na Nakijwa hakuwepo kitandani.

Alikuwa amesimama mlangoni, amevaa dera na viatu, mkono mmoja ukutani, anahema taratibu kama walivyomfundisha kliniki.

"Nimekuamsha mara tatu," akasema. "Tangu alfajiri. Mara ya kwanza ukasema nimepokea. Mara ya pili ukasema nimepokea, Nakijwa. Mara ya tatu ukanirudishia kila neno, vizuri kabisa, halafu ukavuta shuka."

Uchungu ukampitia, akafumba macho mpaka ukaisha.

"Teksi iko getini, Nankondo yuko kwa jirani. Nimerudi kuchukua mkoba, na kukuuliza kama unakuja."

Nikafumbua mdomo. Nikausikia ulimi unajipanga kwa lile neno, nikaufunga mdomo. Nikanyanyua mkoba kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikamshika yeye kiunoni, tukatoka hivyohivyo mimi na suruali ya kulalia. Viatu nilivikumbuka tulipofika hospitali.