Sauti ya Bibi Jela

Fundi Sauti alitandaza kitambaa juu ya uso wa televisheni, akakinyoosha pembe kwa pembe kama mtu anayesitiri maiti, kisha akasema bila kunitazama, "Hapa wanaoga, Mama. Tuseme bila kuona. Wewe karipia, mimi nitalia."

Nikakaripia. Naye, mwanamume mwenye ndevu na watoto, akabana koo akalia kilio cha wanawake wa jela nzima. Lakini kitambaa kilikuwa chepesi. Mwanga ulikipenya kama jua linavyopenya ukungu, na yote yaliyofunikwa niliyaona. Mimi, mjane wa sala za kila siku na maombi ya alfajiri juu yake, ningeweza kusema, "Baba, hiki hakifuniki kitu." Sikusema. Nadhani naye aliona kwamba naona. Tukasitiriana kwa kunyamaza, na ndiyo sitara iliyokuwepo chumbani mle.

Alikuwa mpangaji wangu. Alikodi chumba cha uani ambacho marehemu mume wangu alikuwa akiweka mbao zake, akabandika trei za mayai kuta nzima ili sauti zisitoroke, akasimamisha godoro nyuma ya mlango. Kazi yake ilikuwa kuzitia lugha yetu filamu za ng'ambo, na zilizopendwa kuliko zote zilikuwa za jela ya wanawake. Filamu zenyewe zilikuwa za kimaskini. Jela ilikuwa ghala. Nondo za dirisha zilikuwa za mti, mfungwa akizishika kulia zinatikisika kama meno ya mzee. Askari aliyeuawa asubuhi, jioni umemwona amebeba ndoo. Na lugha waliyosema hakuna kati yetu aliyeijua hata salamu yake.

"Sasa unajuaje wanasema nini?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Mama, mtu akizabwa kofi unahitaji kamusi?"

Hapo awali alisema sauti zote peke yake, mpaka wateja walipolalamika. Walisema mkuu wa gereza, yule mwanamke mnene mwenye kiboko, ana sauti ya kinyozi. Ndipo alipokuja barazani kwangu, akachutama.

"Wewe ndiye unayetangaza misibani, Mama. Ukisema nyamazeni, hata mbwa wananyamaza. Nisaidie. Nitaikoroga sauti yako kwenye mashine, hakuna atakayekujua."

Nilikataa. Nikaenda kusali juu ya jambo hilo, na nilipoinuka nilikuwa nimekwisha kubali. Nilijiambia namsaidia mpangaji. Moyo hauna haya: ukifungiwa mlango wa mbele, huzunguka uani.

Basi mkuu wa gereza, tuliyempa jina la Bibi Jela, aliingia akipunga kiboko chake, ambacho kilikuwa kamba ya katani iliyopakwa rangi nyeusi. Akafungua mdomo. Fundi akainua kidole. Maneno yakanitoka yenyewe, yamepangika kama sahani kabatini.

"Mikono hiyo umeiazima kwa nani, mbona unaionea huruma? Usinitazame. Macho hayapiki. Humu ndani, anayelala baada ya mimi kuamka ni maiti tu."

Fundi aliyavua yale masikio ya waya ya kusikilizia, akanikodolea. "Mama, hayo umeyatoa wapi?"

"Kwani ni makali?"

"Makali? Mimi mwenyewe nimetaka kuinuka nifagie!"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sitasema uongo, nilifurahi. Tangu nifiwe, watu walinipa pole na viti vya mbele, lakini hapakuwa na aliyenipa kiboko. Mle chumbani, nikitamka neno, jela nzima ilitetemeka. Nilirudi ndani nikala kwa hamu, nikalala usingizi wa mtoto.

Diski ya filamu ile ilienea kama harufu ya vitunguu. Hata akina mama wa kikundi chetu cha sala waliipata, na wakakusanyika kuitazama nyumbani kwa jirani yetu tunayemwita Mama Kicheko, mchana, pazia zimefungwa. Aliyetualika alisema ni filamu ya mafunzo. Nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungetiliwa shaka. Nyuma yangu alikuja mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa pekee, na mtoto wao mgongoni. Mwanangu yuko mbali kikazi, huja mara moja kwa mwaka. Tangu aolewe binti yule alikuwa akikaa nami, na kama ungeniuliza ningekwambia tunakaa vizuri, kwa kuwa hajawahi kunijibu.

Ah, ungewaona akina mama wale! Watu wazima, wenye vilemba na vitabu vya sala kwenye mikoba, wakipiga magoti juu ya zulia wapate kuona vizuri. Kilipofika kile kipande cha kuoga, kila mmoja alijifunika uso kwa vidole, na kila kidole kikamkimbia mwenzake. Mfungwa mrembo, ambaye Fundi alimwita Msumari, alipoiba ufunguo kiunoni mwa Bibi Jela, mama mmoja asiyewahi kuinua sauti hata kwenye nyimbo alirusha kiatu hewani.

"Kimbia, mwanangu! Kimbia, usigeuke!"

"Usisahau wenzako!" mwingine akadakia, machozi yanamtoka.

Nikiwatazama nilielewa kidogo kwa nini sinema mbovu namna ile huwashika. Waume zao hutazama kwa sababu zao, na kile kitambaa kilikuwa kinazijua. Lakini wao walikuwa wakingoja ufunguo. Hapakuwa hata mmoja aliyewahi kukanyaga gereza, na bado walimjua Bibi Jela kabla hajageuza uso. Kila mmoja alikuwa na wake: mama mkwe, mume, dada wa mume, mwajiri. Walikuja kumtazama akianguka mahali ambapo hapana wa kuwaambia wanyamaze.

Nilikuwa bado naona fahari ya kuelewa hivyo, kama mtu aliyepata jibu la fumbo, pale Bibi Jela alipowasimamisha wafungwa mstari. Aliinua kiboko, akafungua mdomo. Kabla sauti haijatoka kwenye televisheni, nikasikia sauti nyingine, ndogo, isiyo na hasira, ikitoka karibu na mlango.

"Humu ndani, anayelala baada ya mimi kuamka ni maiti tu."

Ndipo televisheni ikasema vilevile, neno kwa neno.

Mama Kicheko aligeuka akicheka. "Hee, binti, kumbe umekwisha iona!"

"Hapana," alisema mkamwana wangu, akimbembeleza mtoto mgongoni. "Ndiyo mara ya kwanza."

Wakacheka, wakarudi kwenye kioo. Sikuweza kugeuka. Niliendelea kutazama mbele, na kila Bibi Jela alipofungua mdomo nilijua kitakachotoka. Nilijua siku nilipokisema, na jikoni kulikuwa kunapikwa nini. *Macho hayapiki.* Nilikisema mkamwana wangu alipokuwa na mimba kubwa, ameinama juu ya moto, akaniangalia tu. Wakati ule hapakuwa na kioo cha kunionyesha. Sasa kilikuwepo, na wenzangu walikuwa wakikipigia makofi.

Alipokuwa akiosha vyombo jioni ile, nilisimama mlangoni pa jiko. Ni yeye aliyeanza.

"Mama, nimezungumza na mwanao. Mwezi huu ukiisha nitarudi kwetu, mimi na mtoto. Amekubali."

"Kwa ajili ya sinema?"

"Hapana. Tulizungumza kabla." Aliifuta sahani, akaitazama upande wa pili, akaifuta tena, jinsi nilivyomfundisha. "Ila nilikuwa bado na wasiwasi. Nilikuwa nikijiambia, labda ndivyo mama wote wanavyosema. Labda mimi ni mwepesi wa kuumia. Leo nimesikia ni maneno ya jela."

Nilifungua mdomo. Neno lililokuja ulimini lilikuwa, "Nani kakuruhusu?" Nikalimeza, likapita likikwaruza.

Aibu nilikuwa nikidhani naijua. Nilikuwa nikiogopa wenzangu wa sala wajue kwamba sauti ile ni yangu, na kwamba nimekaa chumbani na mwanamume nikitazama wanawake wakioga nyuma ya pazia jepesi. Hiyo ilikuwa aibu ya nguo, unaweza kuivua. Hii ilikuwa ya ngozi. Nilipopiga magoti kuomba, nilijisikia namwamuru Mungu: fanya hivi, mzuie yule, upesi. Nikanyamaza katikati ya sala. Nilitafuta sauti nyingine ndani yangu, ile niliyokuwa nayo nilipokuwa mke kijana na mama mkwe wangu akinihesabia vijiti vya kiberiti. Sikuikuta. Mahali pake nilimkuta mama mkwe wangu, mzima wa afya, ameketi.

Siku chache baadaye Fundi Sauti alikuja uani mbio mbio. Sehemu ya pili ya filamu ilikuwa imefika. Wateja walikuwa wameisifu sauti ya Bibi Jela, lakini sasa walitaka na wafungwa wawe wanawake kweli.

"Wanasema Msumari analia kama mvuta tumbaku," alisema kwa unyonge. "Nitampata wapi mwanamke wa kulia?"

Mkamwana wangu alikuwa akianika nguo. Hakugeuka. "Mimi nitakuwa Msumari."

"Wewe? Unaweza kweli, shemeji? Kulia kunachosha."

"Nina mazoezi."

Fundi alicheka, akidhani ni mzaha. Angenitazama usoni asingecheka. Nilitaka kukataa, na sikuwa na sababu ambayo ningeweza kuitamka mbele ya watu.

Tuliketi kwenye benchi moja, maikrofoni moja katikati yetu, mabega yakigusana kwa sababu chumba ni chembamba. Sikumbuki lini tuligusana kabla ya hapo. Mtoto alikuwa amelala juu ya mto karibu na godoro la mlangoni. Fundi akawasha, taa ndogo nyekundu ikawaka.

Kwenye kioo, Msumari alikuwa amekamatwa tena na kuletwa mbele ya meza ya Bibi Jela, nywele ovyo, midomo imepakwa rangi nyekundu kuwa damu. Akaanza kusema kwa lugha yake tusiyoijua. Fundi akainua kidole.

"Bibi," alisema mkamwana wangu, "nilikuja humu ninajua kupika. Sasa hata chumvi naiogopa."

Fundi alimwonyesha dole gumba: vizuri, endelea.

"Nilipougua, uliniletea dawa. Ukasimama ukanitazama mpaka nikaimeza. Ukasema, pona haraka, vyombo vinangoja. Nimelifikiria jambo hilo siku nyingi, Bibi. Sijui dawa ile uliileta kwa ajili yangu au kwa ajili ya vyombo."

Msumari akafunga mdomo. Bibi Jela akainuka nyuma ya meza, akaufungua wake. Kidole cha Fundi kikaja upande wangu.

Sikutoa kitu.

"Si neno," Fundi alisema, akarudisha nyuma. Msumari akanyamaza tena, Bibi Jela akainuka tena, midomo yake mikubwa ikaanza kwenda. Maneno yalikuwepo, mengi, yamejipanga kama kawaida, na kila nililolishika lilikuwa na ncha. Nikayaacha yapite.

"Mama, mdomo unakwenda, sauti iko wapi?"

"Rudisha," nilisema.

Akarudisha. Bega lililogusa langu halikusogea, wala halikunisaidia. Bibi Jela akafungua mdomo, nami nikaisogelea ile maikrofoni na sauti ikanitoka nyembamba, mbovu, yenye kukwama, sauti ambayo isingemnyamazisha hata kuku.

"Ilikuwa kwa ajili yako."

Kwenye kioo kiboko kilikuwa kimekwisha inuliwa.

"Hailingani, Mama," Fundi alisema kwa upole. "Ona, anataka kupiga. Watu watacheka. Tuseme tena?"

Alinyoosha mkono kwenda kwenye kitufe. Lakini mkamwana wangu alikuwa ameinama mbele, karibu na maikrofoni, ingawa Msumari alikuwa amefumba mdomo na filamu ilikuwa ikienda zake.

"Mbona hukusema?" aliuliza.

Mkono wa Fundi ukabaki hewani. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, na nikaona anaanza kuelewa ni nani aliyekuwa akizungumza chumbani mwake. Pole pole aliuweka mkono ule juu ya goti lake. Kiboko kikashuka kimya, wafungwa wakakimbia huku na huku bila kilio, nondo za mti zikatikisika. Mkamwana wangu hakuwa akiyatazama hayo. Aliishika ile maikrofoni, akaigeuza upande wangu.