Tayari Moja Iliyobaki

Nani alimtuma? Hilo tu ndilo mpiga picha alilotaka kujibiwa. Mumewe, fundi wa jenereta aliyesomea kompyuta wiki chache akajiona bingwa, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, meno yote nje.

"Kompyuta yako ilikuwa jalala, Mama Watoto. Nimekuandikia skripti. Amri moja tu, faili zimehama zenyewe: picha kwenye folda ya picha, barua kwenye folda ya barua. Folda tupu nimezifuta."

Jalala! Kila mteja alikuwa na folda yenye jina lake, na ndani yake picha mbili: "mbichi", kama ilivyoingia, na "tayari", iliyokwisha kusafishwa. Tangu afungue studio alifanya kazi hivyo na hakuwahi kupotelewa hata na ukope wa mtu. Akafungua folda mpya ya picha. Mbichi moja. Tayari moja. Kila iliyoingia ilikuwa imeifuta iliyotangulia, kwa kuwa zote zilikuwa na jina lile lile, na huyo bingwa hakuiambia skripti yake iulize kwanza.

Akamkumbuka mshonaji wa duka la jirani. Adhuhuri hiyo angekuja kuchukua picha ya marehemu mama yake, ya pekee aliyowahi kupigwa. Karatasi yenyewe ilikuwa imeliwa na mchwa, ikameguka mara tu ilipotoka kwenye skana.

"Na flashi ya akiba?"

"Niliikuta imechomekwa. Nayo nikaipanga."

"Ukaipanga! Baba Watoto, mimi nimewahi kuja karakana kwako kukupangia spana?"

"Basi, mke wangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo langu! Si ungevunja lako!"

Akabofya ile "tayari" iliyosalia. Skripti ilikuwa imefuata alfabeti, na folda ya mwisho iliitwa "Zetu". Ikafunguka picha ya mumewe, amevaa suti ya kuazima, meno yote nje.

Mlangoni mshonaji akapiga hodi.

Mpiga picha aliichapa picha hiyo kwa ukubwa ulioagizwa, akaitia kwenye fremu ambayo mshonaji alikuwa ameichagua mwenyewe, akampa mumewe aishike.

"Mkaribishe mgeni," alisema. "Mkabidhi. Halafu mwambie wewe mwenyewe kwamba huyu ndiye mama yake."