Sauti ya Daktari Rael

Jumanne saa mbili na dakika kumi asubuhi, Daktari Rael Mirumbe alikuwa akifundisha mantiki katika kampasi moja mjini Suna. Aligeuka kutoka ubaoni, akasema, "Ikiwa mvua imenyesha, basi..." Sauti ikakatika. Midomo iliendelea kucheza.

"Madam, tungoje ama tuandike?" aliuliza Job, kiongozi wa darasa.

Wakati huohuo, kwenye kongamano huko Mbita, Daktari Omosa, mkuu wa idara ya Rael, alikuwa akisoma makala kuhusu kinachofanya ahadi iwe ya aliyeitoa. Kinywani mwake ilitoka sauti ya Rael, pamoja na lafudhi yake ya Kikuria na kikohozi chake kidogo. Mtu mmoja aliomba kipaza sauti kiongezwe.

Liz, katibu wa idara, alimpigia Rael mchana kutoka kongamanoni.

"Daktari, leo nimekusikia. Ile ya ahadi."

"Nilimpa Omosa aisome tu. Akaniambia haijaiva."

"Sasa imeiva. Ina jina lake."

Ijumaa Rael na Omosa walifanyiwa usaili wa nafasi moja ya uprofesa. Rael alikuwa amefundisha kwa mkataba miaka kumi na mmoja. Omosa alitangulia. Kwenye benchi la nje, Rael alijisikia mle ndani akilieleza wazo lake vizuri kabisa.

Zamu yake ilipofika, Profesa Monari, mwenyekiti wa jopo, alifunga faili.

"Makala hii tumeshaisikia."

"Mmeisikia kutoka kwangu."

"Ni kweli, sauti ni yako. Tumeiweka kwenye kumbukumbu. Lakini fomu inauliza jina la mwandishi, haiulizi sauti. Una la kusema?"

Alikuwa nalo. Alikuwa na rasimu zote mkobani, na tarehe zake. Ila huko nje wenzake walikuwa wamemwomba Omosa awasomee aya moja. Rael alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Alianza kuzitoa rasimu. Monari alingoja dakika moja, kama kanuni zinavyotaka, akaandika: hakujibu.

Muhula uliofuata Profesa Omosa alialikwa kila mahali. Rael alimwandikia barua ya malalamiko. Omosa alijibu kwa upole, akaambatisha orodha ya siku atakazosoma, ili mwenzake apange vipindi vyake. Ofisi ya ratiba ilihamishia somo la mantiki Jumamosi.

Siku moja mama yake Rael alipiga simu kutoka mpakani. Alisalimia, akasikiliza ile pumzi iliyokuwa ikihangaika upande wa pili.

"Basi, mwanangu," akasema. "Nitapiga simu tena Omosa akimaliza."