Kengele Mara Mbili

Kwa miaka thelathini na moja niligawa barua kwa baiskeli, na miaka yote hiyo mimi na mbwa hatukuiva chungu kimoja. Makovu ninayo manne, yote mguu wa kushoto, kana kwamba walikuwa wameambiana. Kwa hiyo binti yangu alipoingia akiburutwa na mbwa wa miezi kumi, nilidhani amekuja kunitania.

"Baba, huyu aliokotwa jalalani. Kituo kilichomwokoa kinakupa wiki mbili. Usipompenda, Jumamosi ya pili daktari wao atakuja kumchukua."

"Hata kesho aje tu."

Alijua, nami nilijua anajua, kwamba tangu mama yake afariki nilikuwa nimegeuka kiti kimojawapo cha barazani.

Kutulia yule mbwa hakukujua. Siku ya kwanza alitafuna kandambili zangu, ya pili akararua mto wa kiti, ya tatu akapita na nusu ya kofia yangu ya kazi. Nikaona dawa yake ni kumchosha. Nikamfunga kamba, tukatoka, na miguu yangu ikashika njia pekee inayoijua, ile ya kugawia barua.

Mfukoni nilikuwa na kengele ya baiskeli, kitu pekee nilichoondoka nacho kazini. Mgawa barua hasogelei geti hivi hivi. Hupiga kengele mara mbili, kisha husubiri wenyewe wafunge mbwa wao. Basi tulipofika kwa mwoka mikate, mkono ukasahau kwamba nimestaafu. Nikapiga kengele watu wafunge mbwa, na mbwa ninaye mwenyewe! Mwoka mikate alichungulia, akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini yule mbwa aliketi. Kwa mwalimu mstaafu nikapiga tena, akaketi tena. Baada ya siku tano alikuwa akiketi kwenye kila geti kabla sijaingiza mkono mfukoni.

Geti la mwisho lilikuwa la kijani. Enzi za ujana wetu, mke wangu aliishi hapo kwa shangazi yake. Nilipiga kengele pale kila siku, barua iwepo isiwepo.

"Leo hamna," nilikuwa nikimwambia.

"Sasa umepiga ya nini?"

Hata tulipooana, utani wake haukuisha. Mgawa barua gani huyu, alisema, anapelekea mji mzima na mkewe hajapata hata moja? Nikistaafu nitakuandikia, nilimjibu. Nilistaafu Machi. Yeye alifariki Februari, mwezi mmoja kabla.

Ijumaa ya wiki ya pili, muuza gesi aliacha geti wazi na mbwa akachomoka. Nilitoka mbio nikiita, "Wewe! Wewe!" maana jina nilikuwa sijampa. Watu watatu waligeuka, mmoja kakasirika kweli. Nilimtafuta sokoni, nikamtafuta jalalani, roho juu. Kesho yake ndiyo ilikuwa Jumamosi, na mimi, mtu wa makovu manne, nilikuwa naomba nisinyang'anywe mbwa.

Nilimkuta kwenye geti la kijani. Alikuwa ameketi, tope mpaka masikioni, akilitazama geti na kusubiri kengele. Nikaitoa, nikapiga mara mbili. Hakutoka mtu. Nyumba ile ina wenyewe wengine siku hizi. Nikakaa chini kando yake nikalia, wala sioni haya kusema.

Asubuhi daktari alinipa fomu ya kujaza. Ilikuwa na mistari miwili: eleza kwa nini unataka kubaki na mbwa huyu. Nikavaa miwani. Mistari miwili ikajaa, nikahamia pembeni, kisha nikageuza nyuma. Niliandika habari za kofia yangu, za mwoka mikate na kicheko chake, za lile geti na rangi yake inavyobanduka. Niliandika kwamba nyumbani sasa kuna kelele, na kwamba usiku nalala vizuri kidogo. Binti yangu alileta chai, ikapoa mezani.

Daktari alipokea karatasi, akasoma maneno ya mwanzo, "Mke wangu mpenzi," akanirudishia. Kisha akatoa fomu nyingine kwenye mkoba.

"Hiyo baki nayo, mzee," alisema. "Hii weka sahihi tu."